Jembe la Mgeni

Bibi mmoja wa Taita alifunga safari kutoka Wundanyi mpaka Nairobi kuja kumtunza binti yake, aliyekuwa amejifungua mtoto wa kwanza. Alikuja na kikapu cha ndizi, kuku mmoja aliyefungwa miguu, na maarifa ya miaka mingi ya kuogesha watoto wachanga. Desturi ya kumtunza mzazi si ngeni kwa msomaji yeyote wa Kenya. Pwani mzazi hukaa ndani siku arobaini; bara siku hizo zaweza kupungua au kuzidi; lakini sijui kabila linaloona vema kumwacha mwanamke wa hali hiyo peke yake na jiko lake.

Binti huyo na mumewe hukaa katika nyumba za chama cha ushirika ambacho mimi pia ni mwanachama wake. Kanuni yetu ya wageni yasema kwamba mtu yeyote asiyeandikwa katika daftari la chama hana ruhusa ya kulala ndani ya ua wetu zaidi ya siku 14 mfululizo, ila kwa idhini ya kamati. Siku ya 12 askari wa lango alileta barua. Mume aliijibu kwa adabu, akaomba siku 30 zaidi. Jibu lilikuja kwamba kamati haitakutana mpaka mwisho wa mwezi, na kwamba kanuni ni kanuni. Bibi, ambaye maishani mwake hakupata kuambiwa aondoke nyumbani kwa mtu, alikunja kanga zake, akarudi kwao kwa basi la asubuhi. Kuku hakuwa ameliwa bado.

Nimeandika insha hii kuipinga kanuni hiyo, na zaidi ya kanuni yenyewe, kuipinga fikira iliyoizaa.

Fikira hiyo ni hii: kwamba nyumba ni ya mtu mmoja, yule ambaye jina lake limo daftarini, na kwamba wengine wote waliomo humo wamo kwa hisani. Mke yumo kwa hisani, watoto wamo kwa hisani, mama mkwe yumo kwa hisani iliyohesabiwa siku. Ni fikira ya mwenye nyumba za kupangisha. Kwake yeye haina aibu, kwa kuwa hakujenga ili watu waishi bali ili walipe. Lakini yafanya nini katika chama cha ushirika?

Ushirika ulizaliwa kwa kuukataa ubwana wa namna hiyo. Wafumaji wa Rochdale, katika Uingereza, walipofungua duka lao mwaka 1844, walikuwa maskini waliochoka kuuziwa unga uliochanganywa na vitu vingine, kwa bei aitakayo mwenye duka. Waliafikiana kwamba kila mwanachama awe na kura moja, mwenye hisa nyingi na mwenye hisa chache sawasawa. Hapa Kenya chama cha ushirika cha kwanza kiliundwa Lumbwa mwaka 1908, nacho kilikuwa cha walowezi wa Kizungu. Sheria ya 1945 ndiyo iliyowafungulia Waafrika mlango. Vyama vya nyumba vilifuata baadaye sana, na muungano wao wa taifa, NACHU, ulianzishwa mwaka 1979. Vingi kati ya vyama hivyo hununua shamba, hulikata viwanja, na kila mwanachama akapewa hati yake; hapo kazi ya chama karibu imekwisha, na hakuna kamati iwezayo kumwuliza mtu ni nani amelala kwake. Lakini kuna vyama vingine, kama chetu, ambavyo nyumba zimejengwa ukuta kwa ukuta, na lango ni moja, tangi la maji ni moja, na shimo la maji machafu ni moja. Katika vyama vya namna hii kanuni hazina budi kuwapo. Sibishani na kuwapo kwake. Nabishana na tuliyoyaandika humo.

Sisi tulichanga miaka tisa. Tulikula ugali kwa sukuma wiki tupu ili tumkimbie mwenye nyumba, yule aliyehesabu ndoo za maji na kugonga mlango usiku kuuliza viatu vilivyo barazani ni vya nani. Tulipokwisha kumkimbia, tukaketi mkutanoni, tukanyosha mikono, tukamwajiri upya kwa jina la kamati.

Tena kuna ukumbusho mwingine ulio mchungu zaidi. Mji wa Nairobi wa wakati wa ukoloni ulijengwa kwa hesabu ya mwanamume mmoja kwa kitanda kimoja. Katika nyumba za reli za Muthurwa na katika vitongoji vingi vya Waafrika, mfanyakazi alihesabiwa kuwa kapera hata kama alikuwa na mke na watoto watano. Jamaa yake mahali pao palikuwa rizavu, na mjini walikuwa wageni wa kutiliwa shaka. Mshahara nao ulipimwa kwa kipimo hicho hicho. Ilikuwa mwaka 1954 ndipo kamati ya serikali iliyoongozwa na Carpenter ilipotoa ripoti kwamba mshahara wa kapera haufai, na kwamba yapasa mfanyakazi alipwe kiasi cha kumwezesha kukaa na jamaa yake. Babu zetu walipigania neno hilo dogo, kukaa na jamaa. Leo wajukuu wao, wenye funguo zao mfukoni, wameandika kwa hiari yao kanuni inayomgeuza tena mama wa mtu kuwa mgeni wa kutiliwa shaka. Mkoloni hakuwashurutisha, alikwisha kwenda zake tangu 1963.

Lakini sitaki kumwonea mtu. Wenzangu walioandika kanuni hii si watu wabaya, na hoja zao si upuuzi. Wasema, kwanza, kwamba maji hayatoshi. Ni kweli. Katika Nairobi maji ya mfereji hugawanywa kwa zamu, na siku ambazo zamu si yetu twategemea tangi. Nyumba yenye watu tisa huteka zaidi ya nyumba yenye watu watatu, na ada yao ni moja. Wasema, pili, kwamba shimo la maji machafu likijaa hunuka mbele ya milango ya wote, si mbele ya mlango wa aliyelijaza. Hili pia ni kweli, nami nakaa karibu nalo kuliko wengi wao. Wasema, tatu, na hapa ndipo penye kiini, kwamba baadhi ya wanachama hupangisha vyumba kwa siri. Alikuwapo mmoja aliyekuwa na “binamu” watatu, wote wa makabila mbalimbali, na kila mwisho wa mwezi binamu hao walimpelekea fedha.

Sasa hebu tuzipime hoja hizo. Ikiwa taabu ni maji, mita yaweza kufungwa katika kila nyumba, na kila mtu akalipa kadiri atekavyo. Mita haiulizi kama aliyefungua bomba ni mke au shangazi. Ikiwa taabu ni msongamano, na iwekwe idadi ya watu kwa kila chumba cha kulala, kwa ajili ya afya, na idadi hiyo imbane mwenyekiti kama inavyombana mwanachama wa mwisho. Na ikiwa taabu ni upangishaji wa siri, basi kupangisha ndiko kukatazwe. Anayelipa kodi ni mpangaji hata akilala usiku mmoja. Asiyelipa si mpangaji hata akikaa mwaka mzima. Tofauti yao ni fedha, wala si siku. Kanuni yetu imehesabu siku kwa sababu siku ni rahisi kuhesabu, nayo fedha yataka uchunguzi na ujasiri wa kumkabili jirani uso kwa uso. Yule mwenye binamu watatu hakupatwa na lolote: aliwatoa siku ya 14, wakalala nje usiku mmoja, wakarudi. Aliyepatikana ni bibi wa Wundanyi.

Mkutanoni mzee mmoja, mtu ninayemheshimu, alisimama akasema kwamba hata wahenga walikuwa na kanuni yao: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Watu walipiga makofi. Nilistaajabu, maana methali hiyo huipinga kanuni yetu, wala haiitetei. Wahenga hawakusema siku ya tatu mwonyeshe njia. Walisema mpe jembe. Na jembe ni nini? Jembe ni sehemu katika shamba. Mtu uliyempa jembe umemwambia: tangu leo huli tena chakula cha mgeni, wala huketi tena katika kiti cha mgeni, wewe ni mmoja wetu, na taabu yetu ni yako. Wazee walijua kuwa mgeni akikaa, kuna njia mbili za kumwondolea ugeni wake, kumfukuza au kumpa kazi, nao wakaichagua ya pili. Bibi yule alikuwa ameshika jembe tangu siku aliyoshuka katika basi. Alipika, alifua, alikesha. Sisi ndio tuliomnyang’anya.

Kosa jingine limejificha ndani ya neno mwanachama. Daftari letu lina mstari mmoja kwa kila nyumba, na katika mstari huo jina moja, aghalabu la mume. Nimemwona mjane aliyeketi nyuma ya ukumbi, asiyeruhusiwa kusema neno, huku mkutano ukijadili nyumba ambayo aliilipia nusu kwa mshahara wake wa ualimu. Marehemu alijiandikisha akiwa kapera. Alipotakiwa kumtaja atakayerithi hisa zake alimtaja ndugu yake, kama vijana wafanyavyo. Kisha akaoa, akazaa, akasahau karatasi. Ndugu yule alikuja mkutanoni na suti nyeusi. Katiba yetu ya 2010, katika ibara ya 45, yaiita jamaa msingi wa asili wa jamii, na kuwapa mume na mke haki sawa ndoa inapofungwa, inapodumu na inapovunjika. Mahakama ingeweza kumsikiliza mama huyo. Lakini mahakama ni safari ndefu kwa mwenye watoto watatu na karo ya muhula, na chama kinachomlazimisha mjane wake kwenda mahakamani kudai mlango wake mwenyewe hakistahili kuitwa cha ushirika.

Waniuliza, msomaji, nataka nini mahali pake. Nataka daftari liandike nyumba kama zilivyo. Mume na mke waandikwe wote wawili, wenye kura moja ya nyumba watakayoipiga kwa shauri lao, na mmoja akifa au akiondoka mwingine abaki mwanachama bila kuomba. Watoto na wazee wanaokaa humo waandikwe kuwa wakaaji. Mgeni anayelala asiombewe ruhusa. Jina lake lipelekwe langoni ili askari amjue, basi. Akipita miezi mitatu, aandikwe naye kuwa mkaaji, apewe jembe lake: siku ya kufagia ua, zamu ya kulinda tangi, na haki ya kusema mkutanoni hata kama hana kura. Na mtu asitolewe katika nyumba, awe nani, kabla hajaitwa, akaambiwa kosa lake, na akasikilizwa. Hilo la mwisho twalifanya hata kwa mwizi wa kuku.

Wameniambia kwamba nikipata nitakavyo, watu watajaza ukoo mzima katika vyumba viwili. Nawajibu kwamba ukoo huja vilevile. Huja mtoto wa ndugu anayetafuta shule, huja baba aliyeandikiwa kwenda hospitali kuu, huja dada aliyepigwa na mumewe usiku wa manane. Huyo wa mwisho, je, ahesabiwe siku 14 kisha arudishwe? Kwa kanuni ya leo wote hawa huingia kwa kujificha, na mwenye nyumba huwa mwongo mbele ya watoto wake, akiwafundisha kumjibu askari wa lango kwamba shangazi amefika leo asubuhi. Nimewasikia watoto wakijibu hivyo. Wanajibu vizuri sana, bila kupepesa jicho.

Shauri hili litaletwa mbele ya mkutano mkuu ujao, nami nimekwisha kupata sahihi zinazotakiwa. Nilipompelekea katibu karatasi yangu nilimwuliza jambo moja. Mtoto aliyezaliwa alitoka hospitali siku ile ile bibi yake alipofika. Walivuka lango letu pamoja. Jina lake halimo daftarini, wala hakuna aliyemwombea idhini ya kamati, na siku 14 zake zimepita. Nikamwuliza barua yake itatoka lini. Katibu akacheka. Mimi sikucheka, na baada ya kitambo naye akaacha, akaichukua karatasi, akaipiga mhuri.