Bwana Shamba Safarini: Nyumba ya Vipepeo



Je, umewahi kulipa kiingilio ili uone kipepeo? Najua utacheka. Hata mimi nilicheka. Vipepeo wako shambani kwako, bure, na wala hukuwaita. Lakini mwezi uliopita nililipa, na sijutii. Sikiliza ilivyokuwa.

Nilikuwa Dar es Salaam kwa semina ya siku tatu. Nililala nyumba ya wageni Kariakoo, karibu na Mtaa wa Msimbazi. Jina Kariakoo limetokana na wapagazi wa jeshi la Waingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Kambi yao ilikuwa hapo. Jengo la soko kuu lilichorwa na Mtanzania, Beda Amuli, na lilijengwa miaka ya 1970. Julai 2021 liliungua, likajengwa upya. Ukiamka mapema Kariakoo utaona jambo ambalo mkulima halioni akiwa kijijini. Utaona mahali ambapo jasho lake hufika.

Asubuhi moja nilisimama mbele ya mama mmoja. Alikuwa ametandika gunia kando ya barabara, anauza mchicha na ndimu. Akasema, "Karibu kaka. Mchicha wa leo huu, hauna hata tundu moja." Kweli, haukuwa na tundu. Nikanunua ndimu tu. Kwa nini sikununua mchicha? Nitakwambia baadaye.

Semina ilipokwisha nilibaki na siku moja. Nikapanda boti kwenda Unguja, safari ya saa mbili hivi. Mjini Unguja nikapanda daladala ya kwenda Makunduchi, nikateremka kijiji cha Pete, karibu na msitu wa Jozani. Msitu huo ndio wenye kima punju, mnyama asiyepatikana penginepo ila Zanzibar. Hapo Pete pana nyumba ya vipepeo.

Usifikiri ni nyumba ya matofali. Ni bustani iliyofunikwa kwa wavu, kama chandarua kikubwa sana. Ndani mna maua, miti midogo na njia ya kupita. Vipepeo wanaruka kichwani pako. Mmoja alitua kwenye kofia yangu, akakaa. Wengine walikuwa wamekusanyika kwenye sahani ya ndizi zilizooza, wananyonya maji yake. Nikakumbuka ndizi zinazotupwa Kariakoo kila jioni!

Kijana anayetembeza wageni alinieleza kazi yao. Wanakijiji wa Pete hufuga vipepeo. Mfugaji hukamata kipepeo jike, humweka ndani ya kizimba cha wavu pamoja na mmea anaoupenda. Jike hutaga mayai juu ya majani. Mayai huangua viwavi. Kiwavi hula usiku na mchana, hukua, hujivua ngozi mara kadhaa. Mwisho hujining'iniza, hutulia kimya kama amekufa. Hatua hiyo wataalamu huiita pupa. Si ile pupa ya mlafi kwenye sahani ya wali! Pupa huyu hali kitu. Baada ya muda hupasuka, kipepeo hutoka. Mfugaji huuza pupa, hupata fedha. Kila aina ya kipepeo ina mmea wake. Ukikata mmea huo, kipepeo wake hana pa kutaga. Kwa hiyo mfugaji wa vipepeo hapendi kuona msitu ukifyekwa.

Kazi hii ipo kwingine pia. Gede, pwani ya Kenya, walianza mwaka 1993 kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke. Kwetu bara, wanavijiji wa Amani, mkoani Tanga, waliuza pupa Ulaya na Marekani, ambako watu hujenga nyumba za vioo zenye joto ili wawaone vipepeo wa kwetu. Machi 2016 serikali ilizuia kusafirisha wanyamapori hai nje ya nchi, na vipepeo walihesabiwa humo. Wafugaji wa Amani walipoteza soko lao. Nyumba ya Pete wateja wake huja wenyewe mpaka mlangoni.

Sasa nifike kwenye jambo lililoniuma. Kijana alinionyesha mndimu ndani ya chungu. Majani yalikuwa na viwavi. Wadogo walifanana na kinyesi cha ndege. Wakubwa walikuwa wa kijani. Wewe mwenye mndimu unawajua. Ukiwagusa hutoa pembe mbili na harufu kali. Mkono wangu ulikwenda wenyewe kuponda mmoja. Kijana akaushika. "Taratibu, baba. Hiyo ni pesa ya mtu."

Nikaona haya. Miaka kadhaa iliyopita, mama mmoja katika kata yangu aliniita. Viwavi hao hao walikula miche yake ya ndimu. Nilimpa dawa ya wadudu, nikamfundisha kutumia bomba. Chini ya miche ile alikuwa amepanda mchicha. Dawa ilidondokea mchicha. Siku mbili baadaye aliuvuna, akaupeleka sokoni. Kwenye chupa paliandikwa asivune kabla ya siku 14. Yeye hakujua kusoma. Mimi nilijua, na sikumsomea.

Nani alikula mchicha ule? Sijui. Ndiyo maana nikiona mchicha usio na tundu, mkono unasita.

Na dawa yenyewe haikuhitajika. Miche yake ilikuwa 12 tu. Viwavi wa mndimu hutagwa yai moja moja, hapa na pale. Mtu akipita asubuhi na kopo, anawaokota kwa mkono na kuwamaliza. Mndimu mkubwa hata usihangaike nao. Utapoteza majani machache, utachipua tena.

Niliporudi nilikwenda kwa yule mama, nikamweleza yote. Alinyamaza kitambo. Kisha akaingia ndani, akatoka na ile chupa. Dawa ilikuwa imebaki nusu. Tangu wakati ule ameingia darasa la watu wazima. Akasema, "Haya Bwana Shamba, kaa hapa. Leo nitasoma mimi."

Maandishi yalikuwa madogo mno. Tulianza na mstari wa juu.