Mgeni wa Dodoma na Salamu ya Cigogo

Tangu Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma kwa wingi mwaka 2016, ili kulitimiza azimio la mwaka 1973, nyanda za kati zimepokea watumishi wengi kutoka kila pembe ya nchi. Miongoni mwao wamo wajigambao kuwa wana ari ya lugha. Yumo ambaye kila usiku huinamia simu yake akirudiarudia maneno ya Kifaransa, ambacho huenda asikutane na msemaji wake hata mmoja mwaka mzima, na asubuhi mama auzaye zabibu akimwamkia “Mbukwa!”, yeye hutabasamu kama bubu akapita. Wanasiasa angalau hujua kusema “Mbukwenyi” jukwaani, ingawa wengi wao hukomea hapo.

Akiulizwa sababu, hutoa hoja mbili. Ya kwanza ni kwamba Cigogo hakina darasa wala mwalimu. Hoja hii yamsuta mwenyewe, maana hata Kifaransa chake hafundishwi na mwalimu. Akikimbiacho ni aibu ya kukosea mbele ya watu: simu haicheki, bali bibi wa sokoni hucheka. Lakini kicheko cha bibi yule hufuatwa na neno sahihi, na neno lililopatikana kwa namna hiyo si rahisi kusahaulika. Tena mwenye Kiswahili haanzi na mikono mitupu. Mtu na watu kwa Cigogo ni munhu na wanhu. Ki- ya Kiswahili katika jina la lugha ni ci-. Aanze kwa salamu na jibu lake, aongeze bei, kisha majina ya mazao. Kama angepelekwa Chemba kwa Wasandawe, ambao lugha yao ina sauti za vidoko zisizokuwamo katika Kiswahili wala Cigogo, malalamiko yake yangesikilizwa.

Hoja ya pili ni nzito zaidi: kwamba Kiswahili kimeliunganisha taifa, na kurudia lugha za makabila ni kuamsha ukabila. Lakini ukabila ni kumfungia mgeni mlango. Ajifunzaye lugha ya mwenyeji aufungua. Wasemao hivyo humsahau Mathias Mnyampala, Mgogo aliyezaliwa mwaka 1917 katika nchi hiyo hiyo ya Dodoma. Kiswahili hakikuwa lugha ya mama yake. Alikiendea mpaka akawa mmoja wa malenga wake wakubwa, na ngonjera zikaenea kwa jitihada yake. Mwaka 1954 kilitoka kitabu chake cha historia, mila na desturi za Wagogo, nacho kwa Kiswahili, hata mgeni asiyejua neno la Cigogo aweze kukisoma. Mgogo huyo alitembea njia yote kuwafikia Waswahili. Mgeni wa leo ameshindwa kurudisha salamu.

Wala hahitaji kwenda mbali. Daftari lipo mezani, kalamu ipo, na mfagiaji wa ofisi, mzaliwa wa Bahi au Mvumi, hupita hapo kila asubuhi. Hajaulizwa neno hata moja.