MAZUNGUMZO YA JUMA: Aliyerudi Kwao Mikono Mitupu



Juma hili nawaletea habari za mtu aliyepata riziki yake kwa kupanda pikipiki isiyo na breki. Msicheke, ni kweli. Nimeichagua habari hii kwa ajili ya jambo linalotupata vijijini kila mwaka. Kijana anaondoka kwenda mjini kwa shangwe. Kuku anachinjwa, majirani wanamsindikiza mpaka kituo cha basi. Kisha, mwaka wa pili, anarudi kimya kimya usiku na begi lile lile, maana hataki kuonekana. Je, tunampokeaje? Liwekeni swali hilo moyoni, tutalirudia.

Kwanza niwaeleze kazi yenyewe. Huitwa spidwei, na hupendwa sana Uingereza, Polandi, Uswidi na Denmark. Pikipiki mnazijua, lakini hii ni ya namna yake. Injini yake ni ya cc 500, yapata mara nne ya zile zinazobeba abiria kwetu. Haitumii petroli, hutumia spiriti iitwayo methanoli. Gia ya kukimbilia ni moja tu, na breki haina kabisa. Wapandaji wanne hujipanga nyuma ya utepe. Utepe ukiruka juu, hao! Huzunguka kiwanja mara nne, wakipinda kushoto siku zote, na kwa muda wa dakika moja hivi mbio zimekwisha. Wa kwanza hupata pointi 3, wa pili 2, wa tatu 1, na wa mwisho hana kitu.

Mtaniuliza: asiye na breki hupindaje kona? Akifika penye kona, huinamisha chombo chake na kuongeza moto. Gurudumu la nyuma huteleza kuelekea nje, naye hushusha mguu wa kushoto, wenye bamba la chuma chini ya kiatu, akauburuza ardhini. Wahenga walisema kuteleza si kuanguka. Watu hawa wamekufanya kuteleza kuwa ndiyo kazi yao. Hata hivyo huanguka, tena mara nyingi. Huvunjika mifupa, na wako waliokufia uwanjani.

Na malipo je? Mshahara wa mwisho wa mwezi, kama wa mwalimu, kwa desturi hawana. Mpandaji hulipwa kwa kila mbio aliyoanza na kwa kila pointi aliyoipata. Pikipiki huwa ni yake, spea ni zake, fundi humlipa mwenyewe. Asiyepata pointi anarudi nyumbani na matope tu.

Sasa msikilizeni Ivan Mauger. Alizaliwa mwaka 1939 katika mji wa Christchurch, New Zealand, nchi ya mbali sana kusini. Katika mji huo huo walikuwapo vijana wawili waliomtangulia, Ronnie Moore na Barry Briggs. Wote wawili walikwenda Uingereza wakajiunga na timu ya Wimbledon, mjini London, na Moore akawa bingwa wa dunia mwaka 1954. Ivan akasema moyoni, nami nitakwenda. Mwaka 1957, akiwa na umri wa miaka 17 tu, akapanda meli pamoja na mkewe Raye, kijana kama yeye, wakaenda Wimbledon.

Mambo hayakwenda. Timu ilikuwa na mafundi wengi wa kazi hiyo, naye akapewa nafasi chache mno. Mwaka ule ule Barry Briggs, mtoto wa mji wake, akawa bingwa wa dunia! Fikirini uchungu wake. Jirani yako anashangiliwa na uwanja mzima, nawe umeketi pembeni, mke wako anakutazama. Mwishowe Ivan na Raye wakafunga mizigo, wakarudi kwao.

Hapo ndipo penye habari yetu. Mwingine angeuza pikipiki na kuilaani Ulaya mpaka kufa kwake. Ivan alikaa miaka kadhaa akishindana huko kwao na Australia, akajifunza kazi yake upya. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mwaka 1963, akiwa na umri wa miaka 23, akarudi Uingereza. Safari hii hakukimbilia London. Alikwenda Newcastle, kwenye timu ya daraja la chini, ambako mtu aweza kupanda kila juma na kupata mazoea.

Tena hakuwa mtu wa kubahatisha. Alipata sifa ya kutengeneza vyombo vyake kwa uangalifu mkubwa na kufikiri kila jambo kabla ya siku ya mashindano. Matunda hayakuja upesi. Mwaka 1966 alikuwa wa nne katika fainali ya dunia. Mwaka 1967 akawa wa tatu. Mwaka 1968, huko Gothenburg, Uswidi, akawa bingwa. Mwaka 1969 akashinda tena Wembley, London, na mwaka 1970 Wrocław, Polandi. Mtu alikuwa hajapata kushinda mara tatu mfululizo, hata Wamarekani wawili wakaipaka dhahabu pikipiki yake.

Jambo moja limenipendeza kuliko dhahabu. Alipokuwa Newcastle alimsaidia kijana wa Denmark, Ole Olsen, akamfundisha kazi. Na mwaka 1971 ni nani aliyemnyang'anya ubingwa? Ole Olsen yule yule, na mwalimu akawa wa pili. Hata hivyo Ivan hakufunga mlango wake. Kwa miaka mingi aliendelea kuwafundisha vijana. Wangapi kwetu tunaficha ufundi wetu, tukiogopa kwamba mwanafunzi atatupita?

Mwaka 1972 ubingwa ukamrudia. Kisha ukaja mwaka 1973, huko Chorzów, Polandi, mbele ya umati wa watu wapatao laki moja. Ivan alilingana kwa pointi 13 na Mpolandi Jerzy Szczakiel, ikabidi wapande wawili peke yao. Ivan alikuwa hodari aliyejulikana dunia nzima, na Szczakiel hakutazamiwa na wengi. Walipokuwa wakikimbia, Ivan akagusa gurudumu la mwenzake, akaanguka. Szczakiel akawa Mpolandi wa kwanza kuupata ubingwa wa dunia, na Ivan akainuka vumbini mbele ya watu wote wale.

Alirudi. Mwaka 1977 akashinda Gothenburg. Na mwaka 1979 fainali ikafanyika tena Chorzów, katika uwanja ule ule alioanguka. Ivan alikuwa amebakiza mwezi mmoja hivi atimize miaka 40, akishindana na vijana wenye nguvu mpya. Akapata pointi 14 kati ya 15, akautwaa ubingwa wa sita. Mtu hakuwa amefika hapo kabla yake. Ilipita miaka mingi mpaka Tony Rickardsson wa Uswidi alipomfikia, mwaka 2005. Ivan Mauger alifariki dunia nchini Australia tarehe 16 Aprili 2018, mwenye umri wa miaka 78.

Basi, wazazi, turudie swali letu. Sisemi kwamba kila arudiye nyumbani atakuwa bingwa. Wengine wamerudi kwa sababu ya uvivu au ulevi, na hao wanahitaji maneno mengine. Lakini yuko aliyejitahidi akashindwa. Mtu wa namna hiyo akibisha hodi usiku, msimpokee kwa kumtajia mtoto wa jirani aliyejenga nyumba ya bati. Jina la jirani analijua, limemchoma njia nzima. Mpeni maji aoge, mpeni chakula. Asubuhi mwulizeni: huko ulikokwenda umejifunza nini, na ni nini kilichokupungukia? Halafu mpeni nafasi ya kujaribu tena, hata kama ni kwa jambo dogo, kama Ivan kule Newcastle.

Nawe kijana uliyerudi, usijifiche. Mlango uliokushinda jana hauna neno la mwisho juu yako. Ila tengeneza chombo chako kwanza, ndipo uondoke tena.

Na ninyi wenye pikipiki, neno moja kabla sijaaga. Kile kiwanja cha Ulaya wote huenda upande mmoja, wala hapana mtoto anayevuka na ndoo ya maji. Njia yetu ya kijiji sivyo. Breki mnazo; zitumieni.

Kwaherini mpaka juma lijalo.