Msimwite mathe wangu shujaa

Wasee, leo sina video. Nina maneno tu, na mengine yanaweza kukukwaza, lakini soma.

Mwaka jana niliposti video ya sekunde 40. Mathe anamlisha mdogo wangu uji, mdogo wangu anakohoa, mathe anampangusa mdomo, halafu anatabasamu. Nikaweka piano chini yake. Ikavuma. Komenti zikajaa: mama shujaa, Mungu ambariki huyu mama, hizo nguvu si za kawaida. Tangu nianze hii kazi sijawahi kupata laiki kama zile.

Usiku huo saa nane mathe alikuwa macho kama kawaida. Mdogo wangu hawezi kujigeuza kitandani, kwa hivyo lazima ageuzwe kila baada ya saa mbili hivi, la sivyo ngozi inachubuka na kuwa kidonda. Mimi pia nilikuwa macho. Nilikuwa nasoma komenti za kumsifu, kwa simu, mita tatu kutoka kwake. Sikuinuka.

Hiyo video nimeifuta.

Mdogo wangu ana miaka 11. Hapa Kitale nyumbani tunamwita Bosi, kwa sababu sisi wote tunamtumikia na hasemi asante. Ana mtindio wa ubongo, ule mkali. Hatembei, hakai bila kushikiliwa, haongei, lakini akicheka hata jirani wa plot ya tatu anajua. Na kwa wale bado wananong'ona: si laana, si uchawi, si kitu mathe alikula akiwa na mimba. Ubongo uliumia mapema. Inaweza kutokea kabla mtoto azaliwe, au akikosa hewa wakati wa kuzaliwa, au baadaye akipata manjano kali isiyotibiwa au homa ya uti wa mgongo. Hilo jeraha la ubongo lenyewe haliongezeki. Kinachoongezeka ni kilo. Mathe alianza kumbeba akiwa na kilo 3, sasa ana 22, na mgongo wa mathe ni ule ule.

Sasa point yangu. Hili neno "shujaa" ni njia poa sana ya kukwepa kazi. Ukishasema mtu ana nguvu zisizo za kawaida, umejiambia hahitaji mikono yako. Unamwachia baraka kwenye komenti, unaendelea kuskroli. Kanisani ni hivyo hivyo, tunaombewa mpaka machozi yanatoka, halafu ibada ikiisha mathe anambeba Bosi peke yake mpaka stejini.

Serikali nayo ina yake. Kuna zile pesa za Inua Jamii za watu wenye ulemavu mkali, mpango ulioanza 2011. Elfu mbili kwa mwezi. Masharti yenyewe yanasema ni kwa mtu anayehitaji kuangaliwa muda wote, yaani mchana na usiku. Nikachukua kalkuleta. Saa 24 mara siku 30 ni saa 720. Inakuja kama shilingi 2 na senti 78 kwa saa. Sidharau hiyo pesa, kuna familia nyingi hata hazijaingizwa kwa orodha na wangeipokea kwa mikono miwili. Nasema tu tuiite jina lake. Huo si mshahara wa mtu anayeangalia mwingine muda wote.

Sheria tunazo. Katiba, kifungu cha 54, inasema mtu mwenye ulemavu atendewe kwa heshima. Mwaka 2025 tukapata sheria mpya ya watu wenye ulemavu, ile Seneta Crystal Asige aliisukuma, ikachukua nafasi ya ile ya 2003. Nimefurahi, kweli. Lakini hakuna sheria itakayoamka saa nane kumgeuza Bosi. Hapo ni watu wa ndani ya nyumba. Na kwa nyumba nyingi ninazojua, "watu wa ndani ya nyumba" maana yake ni mwanamke mmoja.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili. Watu hupenda kudhani niliacha kwa sababu ya Bosi, na sikuwahi kuwasahihisha, kwa sababu hiyo stori inanifanya nionekane mtu mzuri. Ukweli ni kwamba karo ilisumbua na mimi mwenyewe nilikuwa nimechoka na hiyo kozi. Nilirudi nyumbani, nikakaa zaidi ya mwaka mzima nikikata video, na bado mathe ndiye alikuwa anafanya kila kitu. Hakuna aliyeona ni ajabu. Hata mathe.

Aprili mgongo wake ukakataa. Alishindwa kuinuka jikoni. Daktari akasema apumzike wiki mbili, asiinue kitu, na mathe akacheka, akamuuliza "nani atanipumzisha?"

Kukhu alipiga simu kutoka Bungoma. Hakusema pole hata moja. Alisema, "Mleteni kwangu. Na wewe kijana uje naye."

Kwa hivyo tukapanda matatu mimi na Bosi. Kitale, Kiminini, Kamukuywa, Webuye, Bungoma. Makanga alitaka nilipie viti viwili na juu yake kitu kidogo cha kiti cha magurudumu. Nikalipa. Abiria mmoja akaniambia mimi ni kijana shujaa. Wueh.

Tulipofika, Kukhu alimtazama Bosi vizuri, akamshika kidevu, akaniuliza, "Anakula aje?"

Nilisimama pale na kijiko mkononi. Sikujua. Watu wote wale wamemwona huyu mtoto akila kwenye simu yangu, na mimi sikujua anakula aje. Nikapigia mathe. Akanieleza polepole: asilale, akae wima, kidevu kishuke kidogo, nusu kijiko, ngoja ameze, usimharakishe, akilishwa amelala chakula kinaweza kuingia kwa mapafu. Miaka 11 ya kazi ilikuwa kwa kichwa cha mtu mmoja. Nilijiuliza, na huyo mtu akienda?

Siku za kwanza uji wa kikombe kimoja ulinichukua saa nzima. Kukhu alikaa kando, hakuninyang'anya. Khocha akakusanya katoni za duka, akazibandika tabaka juu ya tabaka kwa gundi ya unga, zikikauka zinakuwa ngumu kama mbao. Akatengeneza kiti cha kona. Hiyo mbinu ya viti vya karatasi ilianzia Zimbabwe na watu wa tiba ya viungo wanaitumia hata huku kwetu. Bosi akakaa nje wima, akitazama kuku. Kuku mmoja alipomrukia mguu alicheka mpaka akakosa pumzi.

Mathe alilala. Siku ya tatu alinipigia saa tano asubuhi, sauti nzito, akiomba msamaha kwamba ameamka saa hiyo. Anaomba msamaha kwa usingizi, fikiria.

Sasa kuna karatasi ukutani. Baba hufanya kazi mbali, akirudi ana usiku wake wawili. Sista yangu ana jioni za katikati ya wiki. Mimi nina usiku wa Ijumaa, Jumamosi nzima na chakula cha mchana kila siku. Likizo ya Agosti Bosi anaenda kwa Kukhu. Haifanyi kazi kila wiki, kuna siku tunagombana vibaya juu ya hiyo karatasi.

Kama unajua nyumba kama yetu, usiulize "naweza kusaidia aje?" Hilo swali linampa mathe kazi nyingine ya kufikiria. Sema, "Alhamisi saa nane nakuja, nionyeshe kumlisha." Halafu uje kweli. Na simu iache mfukoni.

Post ya Jumamosi itachelewa. Niko zamu.