Simba Wamepewa Majina, Walioliwa Je?

Wasini hakuna simba. Mnyama mkali ajulikanaye na watu wa kisiwa hicho ni papa, naye hukutwa na mvuvi aliyemfuata mwenyewe huko kwake. Hata hivyo, nilipokuwa huko nikinasa mazungumzo ya Kivumba, vijana walinialika jioni moja kutazama filamu ya The Ghost and the Darkness ya mwaka 1996, isimuliayo habari za simba wala watu wa Tsavo. Walitazama kimya, hata pumzi hazisikiki. Ilipokwisha, mwanafunzi mmoja wa sekondari akaniuliza: "Mwalimu, yule aliyeburutwa kutoka hemani alikuwa nani?" Sikuwa na jibu.

Filamu yenyewe ina kasoro zake. Ilipigwa Afrika Kusini, na simba wake wana manyoya marefu shingoni, ilhali madume wale wawili wa Tsavo hawakuwa nayo. Hayo nayasamehe, msanii ana ruhusa yake. Linaloniwia zito ni kwamba wanyama wamepewa majina, mmoja Mzuka na mwingine Giza, huku wengi wa wanaoraruliwa wakipita machoni petu kama vivuli.

Kosa hili halikuanza na watengenezaji wa filamu. J. H. Patterson, aliyesimamia ujenzi wa daraja la reli Tsavo na kuwaua simba hao Disemba 1898, alichapisha kitabu chake mwaka 1907. Humo anahesabu vibarua wa Kihindi 28 walioliwa, na kifo cha mnyapara wa Kisikh, Ungan Singh, anakisimulia kwa jina. Akifika kwa Waafrika, hesabu yakoma: walikuwa makumi, asema, na orodha rasmi haikuwekwa.

Haikuwekwa na nani? Wanafunzi wangu wa sarufi huwaambia kwamba kauli ya kutendwa ni maficho mazuri ya mtenda. Sijapata mfano bora kuliko huu. Wapagazi wengi wa enzi hizo walitoka pwani, na yamkini baadhi ya walioliwa walikuwa na jamaa huku huku. Wasini, mvuvi asiyerudi husomewa hitima kwa jina lake na la babake, hata mwili usipoonekana.

Baadaye Patterson alidai kwamba waliouawa ni 135. Mwaka 2009 wanasayansi walipima nywele na mifupa ya simba hao, iliyohifadhiwa katika Field Museum, Chicago, wakakadiria walioliwa kuwa 35 hivi. Tazama basi: idadi ya binadamu yatafutwa katika nywele za mnyama, kwa kuwa karani hakuiandika.

Walimu wenzangu wa Voi na Mtito Andei, nawasihi muiache kidogo ile insha ya "siku nilipokutana na simba". Watumeni wanafunzi kwa wazee wa Kitaita na Kikamba, wakaulize ni nani katika ukoo alikwenda kazi ya reli asirudi. Majina mawili matatu huenda yangalimo vinywani. Mimi nimekwisha kuanza kuulizia upande wa pwani, maana yule mwanafunzi wa Wasini angali ananidai jibu.