Tufundishe Angahewa kwa Ajili ya Uhai

Mwanafunzi wa sekondari akiulizwa hewa ina nini, hujibu bila kusita: naitrojeni asilimia 78, oksijeni asilimia 21. Akiulizwa kwa nini mpagazi hutweta karibu na kilele cha Uhuru, mita 5,895 juu ya usawa wa bahari, mara nyingi husema kwamba asilimia ya oksijeni huko ni ndogo. Hapo amekosea. Asilimia ni ile ile. Kilichopungua ni kanieneo la hewa, ambalo kileleni ni takribani nusu ya lile la pwani. Kwa hiyo, kila pumzi huingiza mapafuni takribani nusu tu ya oksijeni.

Kosa hili laweza kugharimu uhai. Mpandaji anayeumwa kichwa, kutapika na kuyumba hapaswi kutiwa moyo aendelee kupanda, wala kulazwa hemani asubiri kupambazuke. Ateremshwe mara moja, kwa kuwa kushuka ndiyo tiba kuu. Oksijeni na dawa ni msaada wa njiani.

Nashauri walimu wasiishie kwenye kukaririsha tarakimu. Bomba la sindano lisilo na sindano latosha: mwanafunzi azibe ncha kwa kidole, kisha avute kisukumio hadi nafasi ya ndani iwe maradufu. Hewa haikubadilika, ila imetawanyika. Atakayeliona hilo kwa macho yake atajua kwa nini mgonjwa wa mlimani huteremshwa kwanza.