Kibali cha redio kivuke mpaka pamoja na trekta

Trekta linaloongozwa na setilaiti hunyoosha mstari, lakini kwenye mteremko mashine ya kupandia inayokokotwa nyuma huteleza pembeni. Dawa yake ni kufunga kipokezi cha pili kwenye mashine yenyewe, nayo iongozwe. Vipimo hukosea sentimita 2 hadi 3 tu, iwapo kituo kilicho karibu na shamba kinatuma masahihisho kwa redio.

Redio hiyo ndiyo yenye kizuizi. Kenya, Tanzania na Uganda kila moja ina mamlaka yake ya mawasiliano. Anayekodisha mitambo ng'ambo ya Namanga au Mutukula hufuata msimu. Kibali kikichelewa, mvua haimsubiri. Soko la Pamoja lilianza mwaka 2010. Nchi wanachama zitambue kibali cha jirani.